Singapore hadi New York: saa 17, saa 18 au saa 6?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Mwezi wa Juni nasafiri kwa ndege ya moja kwa moja kutoka Changi, Singapore, hadi JFK, New York. Nimeangalia umbali kwenye vikokotoo viwili vya mtandaoni: kimoja kimenipa kilomita 15,339, kingine 15,349. Kisha nikasoma kwamba shirika lenyewe lilitaja kilomita 16,700. Muda nao ni vurugu: kikokotoo kinasema saa 17 na dakika 33, tiketi inasema saa 18 na dakika 40, lakini nikihesabu kutoka saa ya kuondoka (23:35) hadi saa ya kufika (06:15 kesho yake) napata saa 6 na dakika 40. Mdogo wangu anataka kuja kunipokea. Nani anasema kweli, na nimwambie nini?"

Ndugu yangu, wote wanasema kweli. Kila namba uliyoitaja ni jibu sahihi la swali lake, ila maswali yenyewe ni tofauti. Nitaanza na umbali, kwa sababu huo unaweza kuupima mwenyewe kwa kalamu na karatasi, na safari yako ni kati ya chache zinazoruhusu jambo hilo.

Chukua ramani uone longitudo za viwanja hivi viwili. Changi iko karibu digrii 104 mashariki, JFK karibu digrii 73.8 magharibi. Jumlisha: 177.8. Nusu ya mzunguko wa dunia ni digrii 180, kwa hiyo, kwa upande wa longitudo, viwanja hivi viko karibu pande mbili kamili za tufe, kimoja mgongoni mwa kingine. Njia fupi kati ya sehemu zilizokaa hivyo haiendi mashariki wala magharibi. Inapanda moja kwa moja kaskazini, inapita karibu na Ncha ya Kaskazini, halafu inashuka upande wa pili. Kwenye ramani bapa ya ukutani njia hiyo huioni kabisa, maana ncha yenyewe imevutwa ikawa ukingo wa karatasi. Lakini ukichukua tufe la shuleni na uzi, ukabana ncha moja ya uzi Singapore na nyingine New York kisha ukavuta hadi ukakaza, uzi utakwenda wenyewe kule juu.

Sasa hesabu. Changi iko digrii 1.36 juu ya ikweta, kwa hiyo kutoka hapo hadi ncha ni digrii 88.64. JFK iko digrii 40.64, kwa hiyo kutoka ncha hadi hapo ni digrii 49.36. Jumla ni digrii 138 kamili. Digrii moja juu ya uso wa dunia ni kama kilomita 111.2, ukizidisha unapata takribani kilomita 15,345. Umeshapata jibu la vikokotoo vyako, na hukuhitaji kompyuta. Ukitaka maili za baharini ambazo marubani wanatumia, ni rahisi zaidi: digrii moja ni maili 60 hivi, kwa kuwa maili ya baharini ilitokana na dakika moja ya digrii, yaani sehemu moja ya sitini, kwa hiyo 138 mara 60 ni 8,280. Kila maili hiyo ni kilomita 1.852.

Mbona basi vikokotoo vyako vimetofautiana kwa kilomita 10? Kwa sababu ya umbo la dunia. Kimoja kinaichukulia dunia kuwa mviringo kamili wenye nusu-kipenyo cha kilomita 6,371. Kingine kinajua kwamba dunia imebonyea kidogo nchani: kutoka katikati hadi ikweta ni kilomita 6,378, kutoka katikati hadi ncha ni 6,357. Ubonyeo huo unafanya digrii moja ya latitudo iwe kilomita 110.6 karibu na ikweta na 111.7 karibu na ncha. Safari yako inapita sehemu kubwa huko juu, ndiyo maana kikokotoo cha pili kimeongeza kidogo. Kilomita 15,349 ndiyo namba bora kati ya hizo mbili. Ila kwa abiria, kilomita 10 ndani ya 15,000 ni kama nukta, usihangaike nazo.

Kuhangaika kwenyewe kunaanzia kwenye zile 16,700. Shirika la Singapore Airlines lilitoa namba hiyo mwaka 2018 lilipokuwa linafungua tena njia ya Singapore hadi Newark, uwanja jirani wa JFK, na likasema muda wa wastani ni saa 18 na dakika 45. Umbali mfupi kwa vipimo vya tufe ni kama 15,340, wao wanasema 16,700. Zaidi ya kilomita 1,300 zimetoka wapi? Hakuna aliyekosea. Kikokotoo kinapima ardhi, ilhali ndege haitembei juu ya ardhi. Inaogelea ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea.

Hapo ndipo penye uzito wa jibu langu, kwa hiyo nivumilie kidogo. Fikiria jahazi baharini. Upepo ukikupiga tezi, chombo kinakwenda. Ukikupiga omo, unahangaika kutwa nzima huku kisiwa kile kile bado unakiona. Umbali wa kisiwa haujabadilika hata hatua moja, kilichobadilika ni gharama ya kukifikia. Huko juu, kilomita 9 hadi 12 kutoka ardhini, kuna mikondo ya upepo mkali inayozunguka dunia kutoka magharibi kwenda mashariki. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani, Wasaburo Oishi, aliipima miaka ya 1920 kwa kurusha maputo na kuyafuata kwa darubini, na mwaka 1926 akachapisha matokeo yake kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili itumike na mataifa yote, akitumaini itamfikisha kwa wengi. Ulimwengu haukumsikia sana. Ni wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa ndege za kivita walipojikuta juu ya Japani wakisukumwa au kuzuiwa na upepo wasioutarajia, ndipo wengi walipoelewa Oishi aliona nini. Katika majira ya baridi mikondo hiyo inaweza kupita kilomita 300 kwa saa.

Tazama inachofanya. Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyoitwa Ciara, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilitoka New York ikatua London baada ya saa 4 na dakika 56. Ni kama kilomita 5,540, safari ambayo kwa kawaida huchukua saa sita na zaidi. Kwa kipimo cha ardhini ndege ile ilipita kilomita 1,300 kwa saa, zaidi ya kasi ya sauti katika hewa ile ya baridi. Lakini haikuvunja kizuizi cha sauti, kwa sababu ukilinganisha na hewa iliyoizunguka ilikuwa inakwenda kasi yake ya kawaida tu. Hewa nzima ndiyo ilikuwa inakimbia nayo.

Ndege yako, Airbus A350, husafiri kwa takribani asilimia 85 ya kasi ya sauti. Kwa baridi ya nyuzi 56 chini ya sifuri iliyoko huko juu, hiyo ni kama kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa. Sasa tufanye mfano wa mezani, namba za kufundishia tu. Njia A ni fupi, kilomita 15,350, lakini upepo wa mbele ni wastani wa kilomita 60 kwa saa. Kasi ya kweli juu ya ardhi inashuka hadi 840, na safari inachukua saa 18 na dakika 16. Njia B inazunguka, kilomita 16,500, lakini inapata upepo wa nyuma wa kilomita 60 kwa saa. Kasi inapanda hadi 960, na safari inachukua saa 17 na dakika 11. Njia iliyorefuka kwa zaidi ya kilomita elfu moja imefika zaidi ya saa nzima kabla ya njia fupi, tena imechoma mafuta kidogo. Ungekuwa wewe mpangaji wa safari, ungechagua ipi?

Ndiyo sababu mara nyingi ndege za Singapore kwenda New York haziendi nchani. Zinaelekea kaskazini mashariki, zinapita karibu na Japani, zinavuka Pasifiki ya Kaskazini na kuingia Amerika kutokea magharibi, zikiwa zimepanda mgongoni mwa ule mkondo. Na wakati wa kurudi, mara nyingi zinatoka New York kuelekea mashariki vilevile: Atlantiki, Ulaya, kisha kushuka Asia. Kwenda mashariki, kurudi mashariki! Abiria anayekwenda na kurudi kwa njia hizo huwa ameizunguka dunia nzima, na wengi hawajui. Kwa kuwa viwanja viko karibu pande mbili kamili za tufe, ukienda huku au kule tofauti ya umbali si kubwa, kwa hiyo wapangaji wana uhuru wa kuchagua upepo. Hata saa za tiketi ya kwenda na ya kurudi zinakaribiana mno.

Njia nyingine hazina bahati hiyo. Perth hadi London, iliyofunguliwa na Qantas tarehe 24 Machi 2018, ni kilomita kama 14,500, na hakuna namna ya kugeuza mwelekeo: kwenda London ni magharibi, kurudi ni mashariki. Kwenda ni saa 17 na kitu, kurudi ni pungufu. Ukiona kikokotoo kinakupa muda ule ule wa kwenda na wa kurudi kwa njia kama hiyo, jua hakijui upepo.

Upepo si sababu pekee ya njia kupinda. Kuna anga zilizofungwa. Mfano ulio wazi ni wa Finnair, ambayo kabla ya Februari 2022 ilikuwa inafika Tokyo kutoka Helsinki kwa kama saa 9 ikipita juu ya Urusi. Anga hiyo ilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya, safari ile ile ikawa karibu saa 13, nyingine zikipitia juu ya Ncha ya Kaskazini. Helsinki haikuhama, Tokyo haikuhama, na vikokotoo viliendelea kutoa kilomita zile zile. Kuna pia kanuni za ndege zenye injini mbili: lazima wakati wote ziwe ndani ya muda fulani kutoka uwanja ambao zingeweza kutua injini moja ikizima. Zamani ilikuwa dakika 60. Mwaka 1985 zikaruhusiwa dakika 120, baadaye 180, na A350 imepewa ruhusa ya kufika 370. Na huko nchani kuna baridi ya mafuta. Mafuta ya kawaida ya ndege katika safari za kimataifa huanza kuganda yakifika nyuzi 47 chini ya sifuri, kwa hiyo marubani huangalia joto la matangi, na likishuka sana hushusha ndege mahali penye hewa yenye joto kidogo au huongeza mwendo.

Nakuomba pia uitazame ndege yenyewe siku hiyo. Aina iliyowekwa kwenye njia ya Newark ilipofunguliwa tena mwaka 2018, A350-900ULR, ina uwezo wa kubeba lita 165,000 za mafuta, na shirika liliifunga viti 161 tu, kiasi ambacho ni kidogo sana kwa ndege kubwa kiasi hicho. Katika safari ndefu namna hii, mafuta mengi ya mwanzo yanachomwa ili kuyabeba mafuta ya mwisho. Kila kilo unayoongeza inataka mafuta yake, na mafuta hayo yanataka mafuta mengine ya kuyabeba. Kwa hiyo mpangaji anayekwepa upepo wa mbele haokoi dakika tu, anaokoa na mafuta.

Sasa turudi kwenye muda. Kikokotoo chako kilichukua kilomita 15,349, kikagawa kwa 900, kikapata saa 17 na dakika 3, kisha kikaongeza nusu saa ya kupaa na kushuka. Ndiyo hizo saa 17 na dakika 33. Ni makisio ya heshima, lakini hayana upepo, hayana mzunguko wa njia, na hayana ardhi.

Ardhi nasema kwa sababu muda wa tiketi hauanzi magurudumu yanapoacha lami. Unaanza ndege inaposukumwa kutoka getini na kuisha inaposimama geti la upande wa pili. Katikati kuna foleni ya kuelekea njia ya kurukia, na baada ya kutua kuna mwendo mrefu wa kutafuta geti. Kwenye uwanja wenye shughuli kama JFK, dakika 20 za kutambaa ardhini si jambo la kushangaza. Isitoshe, mashirika huongeza akiba kidogo kwenye ratiba ili siku ya upepo mbaya ndege isihesabiwe kuwa imechelewa. Ndiyo maana unaweza kusikia rubani anatangaza "muda wetu angani leo ni saa 17 na dakika 40" wakati tiketi yako inasema 18:40. Wote wawili wako sahihi, yeye anahesabu angani, tiketi inahesabu geti kwa geti. Kwa kupanga maisha yako, shika ya tiketi.

Ukitaka kujua hali halisi kuliko kikokotoo chochote, chukua namba ya safari yako uitafute kwenye tovuti za kufuatilia ndege kama Flightradar24 au FlightAware, uangalie siku saba hadi kumi zilizopita. Utaona kila siku ilipaa saa ngapi, ilitua saa ngapi, na mchoro wa njia iliyopita. Usishangae mchoro wa Jumatatu ukiwa mbali na wa Alhamisi. Mpango wa safari huandaliwa upya kila siku kutokana na utabiri wa upepo, saa chache kabla ya kuondoka. Fanya hivyo wiki ya safari yako. Juni mikondo ya kaskazini huwa imelegea kuliko Januari, kwa hiyo takwimu za majira ya baridi zitakudanganya.

Mwisho zile saa 6 na dakika 40, ambazo naona ndizo zilizokutia wasiwasi zaidi. Hesabu yako ya kutoa haina kosa. Ulitoa tu saa za miji miwili kana kwamba zote zimetundikwa ukuta mmoja. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika: 23:35 ni ya Singapore, 06:15 ni ya New York. Njia salama ni kuzipeleka zote kwenye saa ya dunia, UTC, kabla ya kutoa. Singapore iko saa 8 mbele ya UTC mwaka mzima. New York mwezi wa Juni iko saa 4 nyuma. Tuseme unaondoka Jumatatu: 23:35 ya Singapore ni 15:35 UTC ya Jumatatu. Kufika 06:15 ya Jumanne New York ni 10:15 UTC ya Jumanne. Kutoka 15:35 hadi 10:15 ya kesho yake ni saa 18 na dakika 40. Tiketi yako iko sawa.

Angalia sana mwezi. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, Singapore haisogezi. Juni tofauti ya miji hii ni saa 12, Desemba ni 13. Mtu akikupa tofauti bila kukuuliza unasafiri lini, mrudishie swali.

Na wakati wa kurudi jiandae kwa mshangao wa upande wa pili. Ukiondoka JFK Jumatatu saa 22:30, ukasafiri saa 18 na dakika 50, saa yako ya New York itasoma 17:20 ya Jumanne ukitua. Ongeza 12: ni 05:20 ya Jumatano. Jumanne nzima utakuwa umeila angani. Weka hoteli na mikutano ya kuanzia Jumatano, maana nimeona watu wakilipia usiku wa Jumanne katika mji ambao hawakuwa wameufikia.

Kwa mdogo wako, basi, usimtajie saa 17 wala 18, hazimsaidii. Mtajie saa ya New York na tarehe ya New York: Jumanne, 06:15. Na mwandikie kwa tarakimu hivyo hivyo. Ukimwambia kwa simu "saa kumi na mbili na robo asubuhi" akaiandika 12:15, atakuja mchana wakati wewe umekaa na mabegi tangu alfajiri. Mwambie pia kwamba 06:15 ni kusimama getini, bado kuna foleni ya pasipoti na mizigo, kwa hiyo akifika 07:15 hajachelewa. Mpe namba ya safari aifuatilie kabla hajatoka nyumbani: siku ya upepo mzuri unaweza kutua nusu saa kabla, na siku mbaya ataiona ndege yako bado iko juu ya Canada, akarudi kulala kidogo.